Mwalimu Aliyenipa Mgongo

Jumapili iliyopita hapa Musinzira, mama mmoja alianzisha wimbo katikati ya sadaka bila kumwambia mtu, kwa sauti aliyojichagulia mwenyewe. Kabla sijafikiri, gita langu la besi lilikuwa limeshamfikia. Mwenzangu wa kwaya akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamjibu Gashoho, kule Muyinga, halafu nikabadilisha mazungumzo. Wewe nitakueleza.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania, mimi na bibi, nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Sisi tuliorudi tulishuku kila kitu: kipimo cha maharage sokoni, mpaka wa shamba, hata salamu ikizidi urefu. Mimi nilikuwa nambari moja. Nilitaka jambo moja tu, kupiga besi kanisani, na aliyeijua besi alikuwa mtu mmoja, muuza vitenge kutoka Kivu ya Kusini. Akakubali kunifundisha kila Jumamosi baada ya soko, kwenye chumba cha kwaya kilichonuka ndagala, dagaa wakavu, za jirani.

Lakini akishika gita tu, ananipa mgongo. Nikisogea kulia, naye anageuka.

"We imba tu," aliniambia. "Mi nitakufata."

Basi naimba, nabadilisha, yeye ananifuata, na vidole sivioni. Wiki ya tatu nikaamua kwamba huyu ananificha.

Nikamwambia bibi huku natwanga isombe, majani ya muhogo. Akanishika mkono, mchi ukasimama. "Anayekuficha vidole, mjukuu wangu, ana mengine anayoficha." Kufika jioni, wanawake wote kisimani walijua kwamba yule Mkongomani ana siri.

Mimi nikaenda kumchungulia dirishani alipofanya mazoezi peke yake. Nikashika kila mahali kidole kilipotua, nikarudia nyumbani kwenye mpini wa jembe mpaka bibi akacheka. Jumapili nikaomba nipige. Mwalimu akanipa gita. Mama mmoja akaanzisha wimbo uleule wa dirishani, ila juu zaidi, na polepole. Nikapiga nilichoiba, palepale nilipokiona. Watu wakageuka. Mwalimu akaweka kiganja juu ya nyuzi, zikanyamaza.

"Acha kwanza. Sikiliza ule mama iko anaenda wapi," akaninong'oneza. "Ile uliona ku dirisha ilikuwa ya siku ile tu. Mi nilikupa mugongo juu usikie, hapana kuona."

Aibu ilinimaliza. Nikasikiliza. Ubeti wa tatu nikampata yule mama, akapanda nikapanda, akakawia nikamngoja. Sijawahi kufurahi vile.

Maneno ya kisimani, hata hivyo, yalikuwa yameshafika kwa wazee wa kanisa. Wakamnyang'anya ufunguo wa chumba lilimokaa gita wakanipa mimi, na mimi nikaupokea. Ningeweza kukudanganya kwamba niliwaogopa wazee. Niliitaka besi. Wiki hiyohiyo akafunga vitenge vyake akaondoka, na hakuna aliyemuuliza anaelekea wapi.

Siku hizi Gashoho nyimbo zinapangwa kabla, na vijana wanajifunza kwenye simu, vidole vyote vinaonekana. Chumba cha kwaya kimebomolewa. Bibi naye alifariki, na mpaka mwisho alijisifu kwa majirani kwamba ndiye aliyeniokoa na yule mlaghai. Nilikuwa nakaa pembeni yake, nasikia kila neno, naitikia.