Moja, Mwenzake, Tatu

Kelele za watoto wakihesabu kwa pamoja bado zinanitoa jasho, mzee mzima mwenye mvi zangu. Nikipita karibu na shule yoyote nikasikia "moja, mbili, tatu", masikio yanawaka moto, na hapo hapo narudi kwenye darasa letu la udongo huko milimani Masisi, miaka ile ya hamsini, lenye harufu ya nyasi mbichi za paa, nguo zilizolowa ukungu na viazi vya kuchemsha ambavyo kila mtoto alifunga kwenye jani la mgomba. Baridi ya asubuhi iligonganisha meno ya wenzangu. Mimi meno yangu yaligongana kwa kumwogopa mwalimu, nikisubiri anyooshe fimbo yake upande wangu.

Kwetu tulilima maharage kwenye mteremko, na nyumba yetu ilikuwa mbali na za wengine, jirani na ile ya babu yangu mzaa baba, aliyeitwa Kabiri. Sasa, kwa desturi ya nyumbani kwetu, mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo. Mama aliishika heshima hiyo kweli kweli. Hata "mbili" ya Kiswahili, kwa kuwa ililia karibu mno na Kabiri, haikupita kinywani mwake; badala yake alisema "mwenzake". Nyumbani hatukuzungumza Kiswahili, ila mama alikuwa ameokota kidogo sokoni, na kabla sijaanza shule alinifundisha kuhesabu tukiwa shambani, akidondosha mbegu shimoni: moja, mwenzake, tatu. Alitaka nisiende kuaibika mbele za watu, maskini mama yangu.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mkali kutoka upande wa Walikale, kule msituni. Desturi zetu hakuzijua, na kuuliza hakukuwa tabia yake. Wiki ya kwanza tu akaninyooshea fimbo. "Weye, moja na moja njo ngapi?" Nikasimama kifua mbele, maana hilo nililijua vizuri. "Mwenzake!" Lo! Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alicheka hadi akapangusa machozi. "Mwenzake nani? Iko harusi hapa?" Akaniuliza tena, nikajibu vile vile, akanichapa. Tangu siku hiyo jina langu la Anselmi likafa. Nikawa Mwenzake: mtoni, njiani, hata mlangoni mwa kanisa. Neno lao nililisikia, sikuwa kiziwi, lakini kulitamka kulikuwa kukubali kwamba mama yangu ni mjinga. Na kibaya zaidi, moyoni nilikuwa nimeanza kuamini hivyo, nikamwonea haya. Basi nikanyamaza. Hata nikiulizwa jina langu, nilitazama chini tu. Kuna siku nilijikojolea pale pale niliposimama, na wote wakaona.

Mwishoni mwalimu akamwita baba. "Papa, mutoto yako iko bubu ao iko mujinga, mimi sijue. Kama hasemi, asirudi tena huku." Baba aliporudi alitangaza kwamba nitachunga ndama, yakaisha. Mama alinivuta hadi nyuma ya nyumba, akanishika mashavu, akauliza wananifanya nini huko shuleni. Nikamwambia wananicheka nikihesabu. Akasema nimhesabie. Nilipofika kwenye "mwenzake", niliona uso wake ukibadilika rangi. Alikuwa ameelewa.

Babu alikuwa uani, akinywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mrija wake. Mama alinishika mkono, akanipeleka hadi mbele yake, akapiga magoti. "Papa, unisamehe," alisema. Kisha akanigeukia mimi, macho chini. "Moja na moja njo mbili." Sauti ilikatika, akajifunika uso kwa kitambaa chake. Mungu wangu, sijawahi kuona mtu mzima ameaibika vile! Nilitamani ardhi inimeze. Babu alitazama vilima vya mbali ili asimtazame mkwewe. Halafu akasema polepole, "Rudilia, mama. Mutoto hajasikia muzuri." Na mama akarudia, kwa sauti zaidi, mara kadhaa, hadi mimi nikaweza kusema pamoja naye.

Kesho yake nilijibu "mbili" darasani. Mwalimu akasema, "Aah, kumbe uko na kinywa," akapita kwa mtoto mwingine. Nilisoma nikaendelea, nikawa mwalimu mimi pia, nikafundisha hadi nikastaafu. Siku hizi nawasikia walimu vijana wakikaa semina nzima kuzungumzia moyo wa mtoto, kwamba mtoto mwenye hofu hashiki somo, na wazee wenzangu wanawacheka eti wanalea mayai. Mimi sicheki. Mjukuu wangu akikosea, mwalimu wake huinama na kumuuliza, "Nani alikufundisha hivyo?" Ni swali dogo tu, halimgharimu kitu. Mimi hakuna aliyeniuliza, na ndiyo maana mama yangu alipiga magoti.