Manukato Yamwagwe Mbali

Juzi nilikuwa afisi ya uvuvi Msambweni nikisubiri leseni, akaingia mama mmoja wa kijiji cha Munje na ndoo ya samaki aina ya tasi walio hai. Samaki wa hori lao, mkono wa bahari uingiao kijijini, walikuwa wakifa tangu kiwanda cha sabuni kilipoanza kumwaga humo mabaki ya manukato, na wenye kiwanda walikuwa wakisema manukato hayaui.

"Shikamoo, mama," alisema bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, kijana wetu aliyekalia kiti cha Mzungu baada ya uhuru.

"Marahaba. Wapime mbele yangu."

Kijana aliwagawa tasi katika mabeseni mawili ya maji ya bahari, akadondosha katika moja mabaki ya manukato aliyoyaleta mama. Afisi nzima ilinukia asumini. Kabla ya adhuhuri tasi wa beseni lile walipinduka, wakatweta, wakatulia. Wa beseni la pili waliendelea kuogelea.

"Umesema kweli, mama. Nitawaamuru wakamwage mbali."

"Mbali na nani, mwanangu?"

Kijana alikwenda kufungua dirisha.

Mimi kwetu ni Majoreni, kusini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo. Nahofia huko ndiko mbali.