Watoto wa Mkate wa Mama Adolphine

Mwaka ule wa sabini na nne Krismasi ilikuwa siku ya kazi. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza tangu katikati ya mwaka kwamba tarehe ishirini na tano Desemba ni siku kama nyingine yoyote katika Zaire, na kila mtu aende kazini kwake. Basi mapadri wa Kalemie wakasogeza misa hadi saa kumi na moja alfajiri, ili watu wa bandari na wa reli wawahi saa ya kuingia. Majina ya ubatizo nayo yalikuwa yamekatazwa. Kwenye biro, ofisi ya mtaa, Adolphine aliandikwa Mwananchi Kapya. Lakini nyuma ya nyumba yake, mbele ya tanuri, alikuwa bado Mama Adolphine, na kazi yake ya Krismasi hakuna mkubwa aliyekumbuka kuikataza.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kwa kila mtoto wa mtaa wao aliyebatizwa katika mwaka, Mama Adolphine alioka mkate mmoja wenye umbo la mtoto mchanga aliyefungwa nguo: donge dogo la kichwa, donge refu la mwili, donge jingine dogo la miguu, na kunde mbili ziwe macho. Alijifunza zamani, mji ulipokuwa bado unaitwa Albertville, katika jiko la bibi mmoja wa Kibelgiji ambaye mume wake alikuwa mkubwa wa reli. Kwao Ubelgiji, bibi yule alisema, mkate wa Noeli ni Mtoto Yesu mwenyewe katika nguo zake. Wabelgiji wale waliondoka mwaka wa uhuru, wakaacha sahani na pazia. Adolphine hakuchukua sahani wala pazia. Alichukua mkate.

Tanuri lake lilikuwa kichuguu kikubwa kilichochimbwa tumbo, kigumu kuliko tofali. Unga wa mwaka ule ulitoka milima ya Marungu, ngano ya wakulima wa kule, uliletwa na boti ya Moba, mzito na mweusi kidogo. Ndio pekee uliopatikana, kwa sababu maduka ya wageni yalikuwa yamechukuliwa mwaka uliotangulia na kugawiwa wenyeji, na rafu zake sasa zilikuwa na viberiti na vumbi tu. Chachu haikupatikana popote. Akaumua unga kwa pombe ya mchikichi iliyolala siku mbili, akaufunika blanketi kama mgonjwa, akangoja.

Asubuhi ya Krismasi, baada ya misa, alikuwa anapita mlango kwa mlango na beseni kichwani. Mama mwenye mtoto alitandika mkeka, mtoto wa mkate akalazwa kando ya mtoto wa damu, watu wakacheka, halafu yule mama akamnyanyua mtoto wake na kumweka mikononi mwa Adolphine. Kwa ajili ya hilo alioka. Adolphine hakuzaa. Mume wake, Firmin, alikaa naye miaka tisa, kisha ndugu zake wakamtafutia mwanamke mwingine huko Ankoro, naye akapanda treni na sanduku lake bila kugeuka. Mwaka huohuo, kwenye kilio cha mtoto wa jirani, mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Macho mengine yatoke hapa." Adolphine alisimama, akatoka. Tangu siku ile hakuketi tena kwenye matanga ya mtu yeyote, wala kwenye arusi, wala hakuuliza habari za nyumba yoyote. Mtu mmoja alimtukana, naye akauadhibu mtaa mzima kwa miaka kumi na miwili. Siku moja tu ya mwaka alifungua mlango wake na kugonga milango ya wengine, na siku hiyo tu alibeba watoto.

Hakujua kusoma. Kila Majilio Papa Germain, katekista, alikuja na daftari la ubatizo kumsomea majina, na kwa kila jina yeye alitupa punje moja ya kunde ndani ya kopo.

"Soma polepole, Papa," alimwambia mwaka ule. "Unasoma kama muntu anayekimbia mvua."

"Mvua njo hiyo inakuja, Mama, na mimi sina mwavuli. Andika sasa, ama tuseme, tupa. Mutoto wa Mado na Emile. Umetupa?"

"Nimetupa."

"Kabwe, wa Siméon na Bertille."

"Kabwe," alirudia Adolphine, na kunde ikalia ndani ya kopo.

Papa Germain alikuwa amekwisha kufika kwenye jina lililofuata. Alisoma kilichoandikwa katika daftari la ubatizo, toka juu hadi chini, bila kuinua macho, akalifunga, akaondoka kabla ya matone ya kwanza. Kunde zilikuwa kumi na saba.

Usiku wa kuamkia sikukuu alilala kidogo tu. Moto uliwaka ndani ya kichuguu mpaka kuta zikawa nyeupe, akakomba makaa, akarusha unga kidogo kwenye sakafu yake. Ulipogeuka hudhurungi bila kuungua alijua joto limefika. Watoto waliingia kumi na saba, na wa kumi na nane wa mapadri, wakatoka wamenona, mmoja tu amepasuka shingo. Huyo aliweka kando, akafinyanga mwingine badala yake. Hakutaka kumpa mama yeyote mtoto mwenye ufa.

Kwenye misa watu walisimama nusu wamevaa nguo za kazi. Adolphine alikuwa nyuma, mahali pake, na kutoka pale aliona bega la Bertille karibu na nguzo, amejifunika kitenge mpaka kichwani. Alifurahi. Bertille alikuwa amekwenda kuishi Bendera, ambako Siméon anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme, na Adolphine alikuwa amefikiri mkate wa Kabwe atamwachia bibi yake. Sasa atambeba Kabwe mwenyewe. Bertille alitoka kabla ya baraka ya mwisho, na hilo Adolphine hakulijali. Mwenye mtoto mdogo daima ana haraka.

Milango kumi na sita ilikwenda vizuri. Kwa Mado alipokelewa kwa kelele.

"Karibu, Mama Adolphine! Weka huyo wako hapa. Eh, ona! Wa kwako analala, hana kelele, hachafui nguo. Tubadilishane!"

"Wa kwangu ataisha kesho kwa chai," Adolphine alijibu.

"Na huyu wangu ananimaliza mimi. Shika, mushike, nipumzike mikono."

Akamshika. Alikuwa msichana mzito, anayenuka mafuta ya mawese na maziwa, akavuta kilemba cha Adolphine mpaka kikalegea. Adolphine alimwacha avute. Alipomrudisha, mikono yake ilibaki imejikunja kidogo, kama bado imebeba kitu.

"Zimebaki mbili," Mado alisema akichungulia beseni.

"Bado kidogo tu."

"Haya, tangulia kabla ya jua kali." Mado alidhani yote miwili ni ya mapadri.

Mama Marthe, mama yake Bertille, alikuwa kizingitini anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, anatupa takataka kwa kuku. Alikuwa mwanamke wa Moba, mrefu, asiyecheka ovyo.

"Heri ya Noeli, Mama Marthe."

"Na kwako."

"Nimemuletea Kabwe mwenzake," alisema Adolphine. Hakungoja kuambiwa. Aliona mkeka umetandikwa, akapiga magoti, akaulaza mkate juu yake, akaufunua kitambaa.

Mkono wa Mama Marthe ulisimama ndani ya ungo.

"Umesema nini?"

"Kabwe. Amelala? Nitamungoja."

Mama Marthe aligeuza kichwa ndani, akasema kwa sauti ya chini, "Bertille, usitoke." Lakini Bertille alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Hakuwa amejifunika tena. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na nywele zilikuwa zimerudi kidogo tu. Alitazama kile kilicholala mkekani, kichwa, mwili na miguu, na macho mawili ya kunde.

Ndipo Adolphine alipoelewa.

"Mwezi wa tisa," Mama Marthe alisema akisimama, ndagala zikamwagika. "Surua. Wamemuzika kule Bendera, mimi sikuona hata kaburi. Bertille akarudi kwetu, tukalia hapa siku tatu. Wanawake wote wa mutaa walilala kwenye huu mukeka, hata wale tuliogombana. Wewe peke yako hukuonekana. Sasa unakuja siku ya Noeli kutuletea maiti ya unga? Tulikukosea nini?"

"Sikujua, Mama."

"Hukujua! Nyimbo zilisikika mpaka bandarini!"

Juu ya ua vichwa viwili vya majirani vilikuwa vimetokeza. Adolphine alikuwa na la kujibu, na lilikuwa la kweli. Papa Germain bila shaka alikuja kuomba kwenye matanga yale, halafu akamsomea jina hilohilo kana kwamba hajawahi kulisikia. Mado na wengine kumi na watano walimpa watoto wao asubuhi hii, na hakuna aliyemwambia neno. Hakuna mtu, katika miezi mitatu, aliyepita mlangoni kwake kusema, mtoto wa Bertille amekufa. Alifungua mdomo aseme hivyo.

Lakini alikumbuka usiku mmoja wa mwezi wa tisa. Alikuwa anapepeta mchele. Nyimbo za kilio zilianza upande huu, sauti za wanawake wengi, na yeye aliinuka akafunga dirisha, akaweka na tambara chini ya mlango. Akaendelea kupepeta mchele wake.

"Nilisikia," alisema. "Nilisikia nyimbo. Nikafunga dirisha. Sikuuliza ni nani."

Kwenye ua mtu aliguna. Mama Marthe alimtazama binti yake. "Umesikia hiyo?"

"Nimesikia," alisema Bertille.

"Niliogopa," Adolphine alisema. Bado alikuwa amepiga magoti, na hakujua aweke wapi mikono. "Kufa mutoto, na mimi niingie? Wangesema ni macho yangu yamemuua."

"Na wangesema!" Mama Marthe alipandisha sauti. "Ungekufa? Mimi walisema nilimuroga mume wangu. Walinisemea hapa, mbele ya maiti. Nilikaa palepale mpaka wakachoka. Kilio si cha wewe, Mama. Ni cha mwenye kufiwa."

Neno lile lilikuwa la haki, naye Adolphine alilijua tangu zamani kuwa la haki. Alianza kuufunika mkate, auchukue aende zake, na alijua kwamba mwakani hakuna mkeka utakaotandikwa, kwa maana vile vichwa viwili vya juu ya ua havingenyamaza hata mpaka jioni.

"Acha hapo," alisema Bertille.

Alikuja mwenyewe, akaufunika mkate kwa kitambaa chake, mpaka juu, akausogeza kwenye kivuli cha ukuta. Hakuugusa tena. Halafu aliketi upande mmoja wa mkeka.

"Siku tatu nilikuwa natazama mulango," alisema. "Nilisema, yule anayependa watoto atakuja. Nilikungoja kuliko ndugu zangu. Ikala sasa, kaa hapa. Hujakaa matanga ya mutoto wangu."

Adolphine alichuchumaa ukingoni, kama mtu anayepita njia.

"Nyoosha miguu," Mama Marthe alimkemea. "Matanga hayakaliwi kwa kuchuchumaa."

Akanyoosha miguu, kama wanavyokaa waliofiwa. Mama Marthe aliokota ndagala zake moja moja, akarudi kizingitini, akawapa mgongo. Hakuwa amesamehe, wala hakujifanya. Majirani walishuka kutoka kwenye ua. Jua lilipanda. Wanawake waliopita na sahani za sikukuu waliona nani ameketi pale, wakapunguza sauti, wakapita. King'ora cha mchana cha karakana za reli kililia, na wanaume waliokosa Krismasi yao wakaanza kurudi njiani wakiwa na mafuta mikononi. Hakuna aliyemwambia Adolphine aondoke, na hakuna aliyemletea maji. Miaka kumi na miwili alikuwa akitaka mtu amwambie akae. Sasa amekaa, na njia ya machozi ilikuwa imekauka ndani yake, hata aliona aibu.

"Sema kitu juu yake," Bertille alisema. "Watu wameacha kumutaja. Wananizungumzia mvua tu."

Adolphine alitafuta. Alikuwa amemwona Kabwe mara moja tu, siku ya ubatizo, kutoka mahali pake nyuma, ndani ya kanisa.

"Padri alipomumwagia maji," alisema polepole, "hakulia. Alikunja uso tu. Halafu akatoa mukono kwenye nguo, akashika ile stola inayoning'inia shingoni kwa padri, hakuiachia. Padri alivuta, yeye akavuta. Ilibidi baba yake wa ubatizo amufungue vidole, kimoja kimoja."

Bertille aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Mimi sikuiona hiyo. Nilikuwa nimeinamisha kichwa."

"Niliiona mimi."

"Alishika na mukono gani?"

Mama Marthe, kizingitini, aliacha kuchambua.

"Wa kushoto," alisema Adolphine.