Maji ya Bahari kwenye Mkungu

Jana alasiri nilishuka tuk-tuk pale Makadara, nikamkuta mfagiaji akikusanya majani mekundu ya mti wa mkungu kando ya barabara. Nilisimama nikiyatazama mpaka akaniuliza kama nimepotea. Sikupotea, rafiki yangu. Nilikuwa nimekumbuka uongo wangu.

Sisi ni watu wa bara. Baba alifanya kazi relini, tukapanga vyumba viwili huku pwani, mtaa wa Bondeni, ukuta kwa ukuta na bibi mmoja ambaye wazee wake walitoka Uarabuni zamani sana. Mtoto wa jicho alikuwa amemfifisha macho. Kila alasiri alikwenda Mji wa Kale kumjulia hali dada yake, nami, msichana wa miaka minane, ndiye niliyemshika mkono. Kwa dada yake nililishwa kaimati mpaka tumbo linikaze. Kazi yangu ilikuwa kusema ninachokiona njiani.

"Haya, waona nini, mwanangu?"

Nikamwambia ndege mnana wanafuma viota, au yasmini ya ukutani imechanua. Nikisema shakwe, wale ndege weupe wa bahari, wamerudi ufukweni, alijua upepo wa kaskazi umeingia na jua lake, akaagiza ndimu za achari zianikwe. Aliniamini kabisa, nami nilijiona mtu mkubwa.

Mbele ya baraza yake palikuwa na mkungu, na kivuli chake ndicho kilichokuwa sebule yake. Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa Waswahili, ilipofika, bibi aliagiza ndoo ya maji ya bahari, akanyunyizia miimo ya mlango kufukuza nuhusi na mikosi. Maji yakabaki. Nami, kwa akili yangu ya bara, nikaona mti nao unastahili baraka. Nikaumwagia ndoo nzima shinani.

Siku chache baadaye majani yakaanza kuwa mekundu. Kisha yakaanguka. Nilijua nimeua mti wa bibi, na nikaogopa kufukuzwa, nikaogopa zaidi kwamba hatanishika mkono tena.

"Mkungu wetu waonaje?" akaniuliza tulipotoka.

"Uko vizuri, Bibi. Majani tele."

Nilisema hivyo kila siku, kiatu changu kikiponda majani makavu. Wiki nzima sikuona ndege wala ua. Chakula hakikupita. Mama alinipima homa kwa kiganja, asione kitu.

Siku moja kwa dada yake sahani ya kaimati ikaja, nikashindwa hata kugusa. Nikaangua kilio, nikamwambia yote: ndoo, chumvi, majani. Bibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka mtandio ukamteleza begani.

"Mkungu ni mti wa pwani, chumvi waijua kabla yako wewe. Kila mwaka huvua nguo, huvaa nyingine. Hukunidhuru kwa maji."

Nilipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Nikala kaimati zote, na za dada yake pia. Lakini tuliporudi, akanifinya mkono kidogo.

"Jua lilikuwa lanichoma kichwani nikikaa barazani, nami nasikia majani chini ya ndara. Nilijua. Nilikuwa nikingoja tu unambie. Wewe ndiwe macho yangu. Ukinidanganya wewe, ndipo n'takapopofuka kweli."

Haikuchukua siku nyingi, vichipukizi vikatoka, laini na vyenye kung'aa. Nilimwinulia mkono akavigusa mwenyewe.

Bibi alishatangulia mbele ya haki, na dada yake pia. Siku hizi ndimu za achari watu hununua zikiwa tayari kwenye chupa, na sijui ni nani Bondeni anayewangoja shakwe.

Jana nilitembea mpaka mlangoni kwetu. Baraza imevunjwa, pamesimama jengo la ghorofa nne, na mahali pa mti pana pikipiki mbili. Nilijaribu kutafuta la kumfurahisha Bibi, kama zamani, nikaacha. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mkungu haupo, Bibi. Wameukata." Moyo wangu ukatulia.