Kopo la Sindano la Jirani

Jirani yetu hapa kijijini Ijumbi hujidunga insulini kila asubuhi, kisha hudondosha sindano ndani ya kopo gumu la plastiki na kukikaza kifuniko kwa viganja vyake vipana. Hataki hata moja ifike kibanjani, kwenye shamba la migomba, maana wajukuu hupalilia huko peku. Juzi alirudi kutoka zahanati akitembea mbiombio, kitenge kikimlegea, sauti ikimtangulia: "Wanapokea sindano zetu, wanaziteketeza tanurini. Nani mwingine ana kisukari? Alete, nitampelekea." Sisi tulidhani ni yeye tu. Ndipo Mzee Kagaruki, ambaye hakuwahi kututajia ugonjwa wowote, akatoka kwake na kopo mkononi. Jirani alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe tuko wawili, mzee mwenzangu. Twende."