Mpiga Msondo wa Mabela

Bibi mpiga msondo, ngoma ya unyagoni, wa Mabela, Maskati, hakubali mtu mwengine amfungie mlango. Kabla ya unyago huwatoa wanaume wote nyumbani, hata watoto wa kiume, akatia komeo mwenyewe, ndipo hupasha ngozi ya ngoma juu ya mkaa na kuigonga kwa kidole gumba mpaka iitike. Nje ya ngoma sauti yake ni ndogo. Huomba chai kama anayeomba radhi. Nunu, anayempeleka harusini kwa gari, hakuwahi kumsikia akifoka mpaka jioni ile ya mwaka 2003, hotelini Azaiba. Walialikwa na mpiga tarumbeta wa bendi ya Wabelgiji inayochanganya Afrobeat na jazi, mwanamke aliyejifunza Kiswahili Unguja, ambaye wiki iliyotangulia bibi alimruhusu kukaa unyagoni. Katikati ya onyesho, mpiga ngoma wao, mwanamme, akaanza pigo lile lile la unyagoni, lisilosikiwa na wanaume, na wanaume ukumbini wakashangilia. Bibi akapanda jukwaani na baibui lake, muziki ukakatika, akamgeukia mpiga tarumbeta.

“Nilikuingiza kwa kuwa mwanamke mwenzangu!”

“Lakini bibi, ni zuri mno. Watu wamelipenda!”

“Wanaume ndio waliolipenda! Umekaa mkekani pangu, umekula halua yangu, kumbe unaniibia! Huna haya, we?”

Alhamisi iliyofuata, chumbani kwa biharusi, wasichana waliliomba pigo lile. Bibi aliweka viganja juu ya ngozi, asipige.

“Hilo kawaombeni wanaume,” alisema. “Ndio wenyewe sasa.”