Leo Nilikuwa Nihame Ile Tovuti

Wasee, leo nimeshindwa na ukuta.

Mnajua ile tovuti ambapo sisi wote tunaoandika programu huweka kazi zetu? Nimechoka nayo. Imejaa matangazo mpaka hujui ubonyeze wapi.

Asubuhi nikaingia saiba, pale kwa kompyuta za kulipia hapa Machakos, nikahamisha programu yangu ya rekodi za chanjo ya mbuzi kwa tovuti mpya. Ikabaki tu kufuta ukurasa wangu kwa tovuti ya zamani.

Nikasema wacha kwanza nimwambie Mama Halima wa duka la dawa za mifugo. Yeye ndiye huwatuma wafugaji saiba wakaichukue hiyo programu.

Kufika dukani, aki!

Ukuta mzima umepakwa rangi! Mbuzi mkubwa anacheka, na chini yake anwani ya ule ukurasa wangu wa zamani, herufi nyekundu, ndefu kama treni.

“Mueni, umeona?” Mama Halima akaniuliza. “Fundi alimaliza jana!”

Nikamwambia polepole kwamba nahama ile tovuti.

Akaangalia ukuta, akaniangalia. “Hama tu, mwanangu. Sisi tutakungoja hapa.”

Niko saiba tena. Sijafuta kitu.

Nyinyi mngefuta, huyo mbuzi akiwaangalia hivyo?